-jitolea na bure: lugha ya kuomba msaada

Umbo. Kitenzi *-jitolea* hutokana na *-toa*. Kauli ya kutendea hutupa *-tolea*, kisha kirejeshi *-ji-* hutangulia. Anayejitolea, kwa hiyo, hujitoa yeye mwenyewe kwa ajili ya jambo au mtu. Kitu anachokitoa zaidi ni muda, nao haurudishwi kama jembe la kuazima.

Bure. Neno hili lina maana mbili zinazopaswa kutenganishwa:

1. pasipo malipo: *Alinifundisha kushona bure.*
2. pasipo faida: *Nimekwenda Ukerewe bure, sikumkuta.*

Sentensi *Wanafanya kazi bure* yaweza kubeba maana zote mbili. Mfasiri anayekusudia ya kwanza aandike *bila malipo* au *bila ujira*. Hata hivyo, utata huo una funzo: kazi isiyo na ujira hugeuka kazi bure pale mwombaji anapouliza ovyo.

Desturi. Wasukuma wa Mwanza wana bugobogobo, ngoma ichezwayo kwa majembe mikononi, iliyotokana na kilimo cha pamoja. Katika kazi ya namna hiyo, mwenye shamba hawaiti watu kisha akaanza kutafuta mipaka. Huionyesha mapema, huandaa chakula, naye hushika jembe lake. Kuomba msaada wa maarifa kwataka maandalizi yayo hayo.

Nataka, naomba. *Nataka unisaidie* hudai. *Naomba unisaidie* huacha hiari kwa anayeombwa. Kishazi *ukipata nafasi* hukiri kwamba ana shughuli nyingine, ilhali *nijibu sasa hivi* hukana jambo hilo. Lakini adabu ya maneno haitoshi. *Samahani kwa usumbufu* haipunguzi usumbufu ikiwa swali lenyewe halina maelezo.

Linganisha maombi mawili kwa mpenzi wa ndege anayewasaidia wenzake kuwatambua:

- *Shikamoo. Huyu ni ndege gani?*
- *Shikamoo. Ndege huyu nilimwona jana asubuhi kwenye mawe ya ufukwe wa Capri Point, akianika mabawa. Nimedhani ni mnandi, lakini kifua chake ni cheupe, na mnandi ninaowajua ni weusi. Ukipata nafasi, naomba unisaidie kumtambua.*

Ombi la kwanza lina salamu ya heshima, lakini humlazimu msaidizi kuuliza mahali, saa na tabia ya ndege kabla ya kujibu. La pili hutaja hayo yote, huonyesha mwombaji alipofikia, na hubainisha panapomtatiza. Msaidizi aweza kulijibu kwa sentensi moja: wako mnandi wa Ziwa Viktoria wenye kifua cheupe.

Baada ya jibu. *Asante* hufunga mazungumzo; *Asante, nimemlinganisha na picha nyingine na nimeona tofauti* humjulisha msaidizi kwamba muda wake haukupotea bure, kwa maana ya pili. Mwombaji akipata jibu kwingine, adabu yamtaka aseme, ili mwenzake asiendelee kutafuta.

Methali. *Mwomba chumvi huombea chunguche.* Umbo *chunguche* ni ufupisho wa *chungu chake*. Methali humkumbusha mwombaji kwamba haja ni yake. Basi kuinjika chungu na kuwasha moto ni kazi yake pia; jirani huombwa chumvi tu.