Kunuka Pombe na Kuwa Mlevi ni Mambo Mawili

"Lisemwalo lipo, na kama halipo laja," walinena wahenga. Methali hiyo ni pambo zuri katika insha, lakini ni hakimu mbaya jikoni. Tuseme ni saa saba mchana, mkahawa umefurika wateja, na mpishi wa zamu anapepesuka kando ya karai la mafuta yanayochemka. Mhudumu anamnong'onezea mwenzake, "Huyu ni mlevi." Punde si punde neno limemfikia meneja, na ajira ya mtu imo hatarini. Je, meneja afanyeje?

Kwanza, atenganishe usalama na hukumu. Mtu asiyesimama imara hana nafasi baina ya moto na kisu, awe amelewa au ni mgonjwa. Aondolewe mara moja, kwa upole, mbali na macho ya wenzake, wala asiachwe peke yake. Hatua hiyo haihitaji ushahidi wa pombe. Yatosha kwamba anapepesuka.

Waama, si kila kuyumba ni ulevi. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imemshuka mwilini huweza kutokwa na jasho, kupepesuka, kusema maneno yasiyoeleweka na hata kughadhibika, mithili ya mtu aliyelewa. Akifungiwa stoo ili usingizi umtoe pombe, huenda asiamke tena. Nayo aproni ya mpishi aliyemwagikiwa na divai ya kupikia itanuka divai hata kama yeye hajaionja.

Hapa ndipo lugha inapokuwa na kazi. Tuzitazame kauli nne: ananuka pombe, amekunywa pombe, amelewa, ni mlevi. Aghalabu watu huzitumia kana kwamba ni visawe. Ya kwanza ni habari ya pua tu. Ya pili yahusu tendo, nayo yadai shahidi au kukiri. Ya tatu yahusu hali, na kiambishi -me- chatuambia kuwa hali hiyo ipo sasa. Kesho huenda haipo. Ya nne imeachana na kitenzi, ikawa nomino. Kama vile ambavyo apikaye siku zote huitwa mpishi, aitwaye mlevi hubandikwa tabia ya kudumu. Tukio la mchana mmoja limegeuzwa kuwa jina, na jina hilo litamfuata hadi atakapoomba kazi kwingine.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haikuyachanganya mambo haya. Kifungu cha 44 chataja kulewa wakati wa kazi, kiasi cha mtu kushindwa kuitenda kazi yake ipasavyo, miongoni mwa makosa yanayoweza kumfanya afutwe papo hapo. Hata hivyo, kifungu cha 41 chamtaka mwajiri kwanza amweleze mfanyakazi sababu hiyo kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama atakayemchagua mwenyewe, kisha ausikilize utetezi wake. Nacho kifungu cha 43 chamtwika mwajiri mzigo wa kuithibitisha sababu.

Sasa, taarifa isemayo "alikuwa mlevi" itathibitishwa vipi? Ile isemayo "saa saba na robo alipepesuka mara mbili, akaangusha sufuria, na pumzi yake ilinuka pombe," ikiwa na sahihi za mashahidi wawili, ina miguu ya kusimamia. Na mahojiano yangoje mpaka mhusika awe timamu, kwani maneno ya mtu asiyejimudu si utetezi wala si ungamo.

Wapo watakaodai kwamba huku ni kuwalea walevi. La hasha! Meneja anyamazaye kwa kuwa mapishi ya mtu huyo huvuta wateja ana hatia sawa na yule atoaye hukumu kwa mnong'ono. Mmoja ahatarisha maisha ya watu, mwingine ahatarisha riziki ya mtu.

Walimu wafundishao uandishi wa ripoti wana wajibu hapa. Wamzoeze mwanafunzi kuandika alichokiona, alichokisikia na saa yenyewe, kabla ya kumpa mtu jina. Wengi wa wanafunzi hao watakuja kuwa wasimamizi, na kalamu zao ndizo zitakazoamua nani abaki jikoni na nani aende zake.