Barua ya kufukuzwa ikifika Kamenge, nani atasimama na mwanafunzi?

Barua ya kumwondoa mwanafunzi chuoni hapa Burundi ina sura inayojulikana. Juu kuna nembo, chini kuna muhuri na sahihi, na katikati mistari mifupi inayoanza na neno la Kifaransa "Vu": kwa kuzingatia sheria fulani, kwa kuzingatia kanuni za masomo, kwa kuzingatia muhtasari wa kikao cha tarehe fulani. Anayeipokea haisomi mistari ile. Macho yanakimbilia chini kwenye uamuzi, na akishauona, miguu inamwishia nguvu. Lakini kama kuna kitu cha kumwokoa, mara nyingi kimo katika mistari aliyoiruka.

Kila "Vu" ni dai linaloweza kukaguliwa. Je, kanuni iliyotajwa ipo, na inasema hivyo? Kikao kilichotajwa kilifanyika kweli, na waliokaa ndio wenye mamlaka ya kukaa? Aliyetia sahihi ana uwezo wa kumwondoa mtu, au alipaswa kupendekeza tu kwa mkubwa wake? Na swali ambalo mimi naliweka mbele ya yote: katika mistari yote ile, kuna hata mmoja unaosema kwamba mwanafunzi mwenyewe aliitwa akasikilizwa? Wakili akiishika barua hiyo, huanzia hapo. Mwanafunzi wa mwaka wa nne wa udaktari, aliyekesha usiku kucha akikariri mishipa ya fahamu, hajawahi kufundishwa kuisoma hivyo, na siku hiyo hana wa kumfundisha.

Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Burundi kina historia ya tangu miaka ya 1960. Kiko Kamenge, kaskazini mwa Bujumbura, jirani na hospitali ya chuo ambayo wakazi wengi wa jiji wanaijua kwa jina la Roi Khaled. Si hicho peke yake kinachofundisha udaktari. Chuo Kikuu cha Hope Africa, kilichohamia Bujumbura kutoka Nairobi mwaka 2003, nacho kinafundisha. Wanaoingia huko wanatoka kila pembe ya nchi, na nyuma ya wengi wao kuna ukoo mzima uliojibana miaka mingi ili mmoja wao avae koti jeupe. Nchi nayo inawahitaji mno: Burundi haifikishi daktari mmoja kwa kila watu 10,000. Anapoondolewa kijana aliyekwisha kugharimiwa miaka minne au mitano, hasara haiishii nyumbani kwao.

Sisemi kwamba kila anayefukuzwa ameonewa. Asiyejua kipimo cha dawa ya mtoto hapaswi kupewa mtoto amtibu, na mwalimu anayekataa kumpitisha analinda watu ambao hawatamjua kamwe. Ninachodai ni kingine: uamuzi mzito kiasi hicho utolewe baada ya kumsikia anayehukumiwa, na sababu ziandikwe zikaeleweka.

Hapa ndipo sheria inapotenganisha mambo mawili ambayo barua nyingi huyachanganya. Kuna kufukuzwa kwa sababu ya alama, na kuna kufukuzwa kwa nidhamu: kuiba mtihani, kugoma, kumtukana mwalimu. Marekani wamelipima jambo hili hadi Mahakama ya Juu ya nchi. Mwaka 1975, katika kesi ya Goss dhidi ya Lopez, mahakama hiyo iliamua kwamba mwanafunzi anayesimamishwa kwa nidhamu lazima aelezwe kosa lake na apewe nafasi ya kujieleza, hata kama anasimamishwa kwa siku chache tu. Miaka mitatu baadaye ikaja kesi ya Horowitz, mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Missouri. Huyo alama zake za mitihani ya karatasi zilikuwa nzuri sana. Kilichomwangusha kilikuwa wodini: walimu walilalamikia kazi yake kwa wagonjwa, mahudhurio na hata usafi wake. Mahakama ilikataa kumrudisha. Ilisema kupima ufundi wa daktari ni kazi ya madaktari, na chuo kilikuwa kimemwonya mapema, tena kilimpeleka kwa madaktari saba wa nje wampime upya. Mwaka 1985 mwanafunzi mwingine wa udaktari, Ewing wa Michigan, alishindwa vilevile, ingawa alionyesha kwamba wenzake walioanguka mtihani uleule walikuwa wameruhusiwa kuurudia.

Nimezitaja kesi hizi kwa sababu zinamfundisha mwanafunzi wa Kamenge pa kupigania. Akienda mahakamani kusema alama 8 ilipaswa kuwa 12, atarudi mikono mitupu, kwa kuwa hakimu hasahihishi mitihani. Akionyesha kwamba alama za staji, yaani mazoezi ya wodini, ziliandikwa na mtu ambaye hakuwahi kumwona kazini, au kwamba hakuonywa hata mara moja, au kwamba kosa la nidhamu limefichwa ndani ya alama mbovu, hapo ana kesi. Na wodini ndiko hatari ilikojificha, maana alama ya staji inategemea jicho la mtu mmoja, na ugomvi mdogo wa asubuhi unaweza kugeuka sifuri jioni. Kwa hiyo daftari la staji, lenye tarehe na sahihi za kila siku, lina thamani kuliko ushahidi wa rafiki kumi. Litolewe kopi mapema, kabla mambo hayajaharibika.

Jirani zetu Kenya wana kanuni inayofaa kukumbukwa. Katika rufaa ya mwaka 1989 ya Nyongesa na wenzake dhidi ya Chuo cha Egerton, majaji wa Mahakama ya Rufani walieleza kwamba mahakama hazina hamu ya kuendesha vyuo vikuu, ila zitaingilia kati pale uamuzi unapotolewa bila kumsikiliza kwa haki anayehusika.

Burundi haihitaji kuazima msingi huo. Kifungu cha 38 cha Katiba ya 2005, kilichorithiwa na Katiba ya 2018, kinampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa uadilifu, si mahakamani tu, bali katika shughuli za utawala pia. Chuo cha umma kinapomwondoa mwanafunzi kinafanya kitendo cha utawala. Njia ya kawaida ni kumwandikia kwanza aliyetoa uamuzi, kisha mkubwa wake hadi wizarani, na mambo yakikwama kwenda Mahakama ya Utawala ya Bujumbura kuomba uamuzi ufutwe. Mwanafunzi wa chuo binafsi ana mkataba na chuo chake, naye atautumia mkataba huo mbele ya mahakama za kawaida.

Upo pia mlango wa Ombudsman, taasisi iliyowekwa na Katiba kupokea malalamiko ya raia dhidi ya utawala, ambayo ilimpata mkuu wake wa kwanza mwaka 2010. Kuugonga hakuhitaji wakili. Anayeiongoza taasisi hiyo tangu 2022 ni Aimée Laurentine Kanyana. Alipokuwa Waziri wa Sheria, Machi 2019, ndiye aliyetangaza kuachiwa kwa wasichana watatu wa shule huko Kirundo, waliokuwa wamefungwa kwa kuchorachora picha ya Rais wa wakati huo katika vitabu vyao. Mabinti wale walipata kelele za dunia nzima. Mwanafunzi mmoja aliyeondolewa kimyakimya Kamenge hatapata kelele hizo, na ndiyo maana anahitaji utaratibu.

Na kuna Arusha. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na raia anaweza kuishtaki nchi yake katika Mahakama ya Jumuiya bila kulazimika kwanza kumaliza mahakama za nyumbani. Lakini mkataba wa Jumuiya unampa miezi miwili tu tangu kitendo kilipofanyika au alipokijua. Anayekaa akisubiri rekta amjibu, kisha waziri, hukuta mlango wa Arusha umeshafungwa.

Muda ndio unaowaponza wengi, na huliwa zaidi na hofu. Hofu hiyo haikutoka hewani. Aprili 2015, maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais yalipopamba moto, kampasi zilifungwa na mamia ya wanafunzi wakalala nje ya ubalozi wa Marekani kwa kukosa pa kwenda. Machi 2017 wanafunzi wa chuo cha umma waligoma baada ya amri ya kugeuza msaada wa masomo kuwa mkopo, na baadhi ya viongozi wao wakakamatwa. Kijana aliyekulia katika habari hizo akipata barua, jambo la kwanza linalomjia si kudai haki. Anakwenda kwenye kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, anaandikiwa barua ya kuomba msamaha, anapiga magoti ya maandishi.

Nawasihi wasifanye hivyo kabla ya kuonana na mtu anayejua sheria. Barua ya msamaha ni kukiri. Ikishaingia kwenye faili, wakili atakayekuja baadaye atakuta mteja wake amekwisha kujihukumu kwa mkono wake mwenyewe. Mtu anaweza kuandika kwa adabu zote, akamwita rekta Mheshimiwa, na bado akaomba mambo matatu: nakala ya kanuni iliyotumika, muhtasari wa kikao, na siku ya kusikilizwa. Barua hiyo apeleke nakala mbili, na moja irudi kwake ikiwa na muhuri wa kupokelewa.

Tatizo ni nani amwambie haya. Mawakili wa Bujumbura wapo, na Chama cha Wanasheria Wanawake wa Burundi kina uzoefu wa kuwasaidia wasio na uwezo. Lakini mwanafunzi anayeishi kwa mlo mmoja haendi kumtafuta wakili mjini, kwa kuwa anaamini hawezi kumudu ada yake. Wakati huohuo Chuo Kikuu cha Burundi chenyewe kina Kitivo cha Sheria, kimejaa vijana wanaosoma Katiba ileile na wanaotafuta pa kujifunzia kazi. Wawekewe meza Kamenge, chini ya usimamizi wa wakili mmoja aliyeapishwa, mchana mmoja kwa wiki, na nyakati za matokeo kila siku. Kazi yao ya kwanza iwe kutoa kopi ya kanuni za masomo na kuibandika pale matokeo yanapobandikwa. Ya pili, kumsaidia kila anayeondolewa kudai hati ya alama za miaka aliyofaulu, hata kama rufaa yake bado haijajibiwa. Hati hiyo ndiyo itakayomwezesha kuomba nafasi chuo kingine, Bukavu au Kampala, au kuingia katika uuguzi.