Stadi za Kazi kwa Wahitimu wa Vyuo (2): Msimu wa Korosho Kama Darasa

Wiki iliyopita tulieleza jinsi ya kuandika barua ya maombi ya kazi. Leo tuingie kwenye stadi zenyewe, maana barua huzitaja tu, haizithibitishi.

Wahitimu wengi wanaorudi wilayani Tandahimba hujisajili kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, kisha hukaa kusubiri. Kujisajili ni vyema. Kinachowaponza ni kukaa bure, kwa sababu kwenye usaili cheti wanacho wote. Swali linalowatenganisha ni hili: umewahi kufanya nini?

Jibu lake laweza kupatikana papa hapa wilayani. Kuanzia Oktoba, korosho hutoka kwa mkulima kwenda chama cha msingi (AMCOS), kisha ghala kuu, hatimaye mnadani, kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani ulioanza msimu wa 2007/2008. Kila hatua ina mizani, karatasi na mkulima anayetaka maelezo.

Tazama upimaji wa ubora. Huchukuliwa sampuli ya kilo moja; korosho huhesabiwa, hukatwa moja moja, viini vizuri hutengwa na vilivyooza, kisha hupimwa. Viini vizuri vikifika gramu 272, maana yake gunia la kilo 80 litatoa ratili 48 hivi za kiini. Ni kuzidisha na kugawanya tu, lakini wanunuzi huitazama hesabu hiyo wanapopanga bei.

Mhitimu anayeweza kuipiga hesabu hiyo, akaiingiza kwenye jedwali la kompyuta, kisha akamfafanulia mkulima wa magunia mawili makato ya malipo yake, ana stadi tatu za kuonyesha: hesabu, kompyuta na mawasiliano. Haidhuru amesomea uhasibu au Kiswahili.

Basi mwandikie meneja wa chama chako kabla msimu haujafunguliwa, ukiomba kujitolea. Taja kazi moja unayoiweza, kwa mfano kupanga orodha ya mapokezi. Usiombe kushika fedha. Msimu ukiisha, omba barua inayoeleza ulichofanya.

Siku ya usaili, "mimi ni mchapakazi" husemwa na kila mtu. Wewe sema: "Niliandaa orodha ya mapokezi ya chama chetu, na wakulima waliihakiki kwa stakabadhi zao." Hapo msaili atakuwa na la kukuuliza zaidi.

Wiki ijayo: kujiandaa kwa usaili wa ana kwa ana.