Jiwe la Kibo Lililopoa Mara Mbili

Juu ya Kibo, kwenye Mlima Kilimanjaro, mimea inapokwisha na njia kubaki changarawe na mawe matupu, kuna jiwe la kijivu kilichokoza lililojaa madoa meupe. Inama ulitazame. Madoa hayo ni fuwele za felspa, nyingi zina umbo la rombasi, na zile kubwa hufika sentimeta mbili tatu. Sehemu iliyobaki ni ya chembe ndogo mno, hazionekani kwa macho. Wapandaji wengi hulikanyaga wakikazana kufika kilele cha Uhuru, nami naona wanakosa kitu kikubwa, kwa sababu jiwe hilo limehifadhi safari nzima ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka. Lilipoa mara mbili: kwanza taratibu sana, kisha kwa haraka.

Safari yenyewe ilianzia makumi ya kilomita chini. Wengi hudhani huko kuna bahari ya moto. Hakuna. Mantili, yaani tabaka lililo chini ya gamba la Dunia, ni mwamba mgumu hata kama joto lake limepita nyuzi 1,200 za Selsiasi, kwa kuwa uzito wa miamba ya juu huubana usiyeyuke. Kwenye Bonde la Ufa gamba linavutwa huku na huku, linakuwa jembamba, na mwamba wa chini unapanda. Kadiri unavyopanda, mgandamizo unapungua, na sehemu yake ndogo inayeyuka bila kuongezewa joto hata kidogo. Katika habari yote ya volkano, hakuna linalonishangaza kuliko hili: mwamba kuyeyuka kwa kupunguziwa mzigo.

Magma hiyo ni nyepesi kuliko mwamba unaoizunguka, basi hupenya nyufa na kupanda. Mara nyingi hukwama njiani, ikajikusanya ndani ya gamba na kuanza kupoa. Madini yenye chuma na magnesi huganda mapema na kujitenga, na magma inayobaki hubadilika, ikazidi kuwa na silika, sodiamu na potasiamu. Norman Bowen, mwanasayansi wa Kanada, aliuchunguza mpangilio huo kwa majaribio ya maabara na kuueleza katika kitabu chake cha mwaka 1928. Chini ya Kibo, felspa zilipata muda wa kukua bila bughudha.

Kisha, takriban miaka 350,000 iliyopita, mlima ukalipuka. Gesi zilizokuwa zimeyeyuka ndani ya magma zilitoa mapovu kama soda iliyofunguliwa, zikaisukuma juu pamoja na fuwele zake. Ilipofika hewani, kilichokuwa bado majimaji kiliganda kabla chembe hazijakua. Ukikuta felspa zimelala zote upande mmoja, ujue ndiko lava ilikokuwa ikielekea.

Lava yenye silika nyingi ikipoa ghafla haipati hata nafasi ya kuunda fuwele, inakuwa kioo. Ndiyo obsidiani nyeusi ya Naivasha, ambayo watu wa kale waliipasua wakapata zana zenye makali.

Granaiti ya Mwanza ni kinyume kabisa. Mawe yale yanayosimama ndani ya Ziwa Victoria, Jiwe la Bismarck likiwemo, hayakumwagwa na volkano yoyote. Ni magma iliyobaki kilomita kadhaa chini, ikapoa polepole hadi kwatzi na felspa zikakua, kila chembe ukaweza kuiona. Hayo yalitokea zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Kilichoyafikisha mawe hayo juani ni mmomonyoko, uliokwangua miamba yote iliyokuwa juu yake.

Kazi hiyohiyo inaendelea Mawenzi, kilele chenye umri mkubwa kuliko Kibo. Kimeliwa kiasi kwamba nyufa zilizokuwa zikipandisha magma ziko nje: zilijaa, zikaganda, na sasa ni kuta nyembamba za mwamba mgumu zilizosimama wima baada ya mawe laini ya pembeni kuporomoka. Za Kibo bado zimefunikwa, na katika kreta ya Reusch gesi ya salfa ingali inatoka.