Leso na Uzi wa Pamba: Jinsi ya Kujishonea na Kujifumia Nguo za Kaskazi

Majira ya kaskazi, kati ya Desemba na Machi, joto la mchana katika kaunti za Pwani hupita nyuzi 30 za Selsiasi na hewa hujaa unyevu. Nguo ya poliesta inayobana huwa mateso wakati huo: jasho halifyonzwi, na watoto hutoka vipele vya joto shingoni na makwapani. Nguo ya pamba iliyo nyepesi na pana hupunguza adha hiyo, na mkazi anaweza kujitengenezea mwenyewe nyumbani.

Wengi hudhani kufuma ni kwa ajili ya sweta za bara, na kushona ni kazi ya fundi peke yake. Kumbe kazi hizi mbili hukamilishana. Kitambaa kama leso kina nyuzi zilizopishana, hakivutiki sana, na hufaa sketi, suruali na dera. Nguo iliyofumwa kwa sindano ni vitanzi vilivyoshikana. Huacha nafasi ndogo za kupitisha hewa na huvutika kufuata mwili, kwa hivyo hufaa blauzi na mitandio.

Sketi ya leso

Doti moja ina leso mbili, kila moja ikiwa na upana wa takriban mita moja na nusu na kimo cha takriban mita moja. Leso moja humtosha mtu mwenye nyonga ya sentimita 100, na marinda yakabaki.

Loweka leso na uifue kabla ya kushona. Leso mpya huwa na wanga unaoifanya iwe ngumu, na pamba hurudi inapofuliwa mara ya kwanza. Anayekata kabla ya kufua huenda akapata sketi isiyomwingia, na fedha zake zimepotea.

Ikikauka, ipige pasi. Hakikisha jina la leso halijapinduka, kisha unganisha ncha mbili kwa mshono mmoja. Kunja sentimita 3 upande wa juu na upitishe lastiki iliyo fupi kuliko kiuno kwa sentimita 5 hivi. Ikiwa sketi ni ndefu mno, ipunguze upande wa juu kabla ya kukunja, ili pindo la leso na jina lake vibaki chini kama urembo.

Blauzi ya kufuma

Nunua uzi wa pamba, wala si wa sufu. Kabla ya kuanza, fuma kipande cha jaribio, ukifue, kisha uhesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10. Tuseme ni vitanzi 20. Mtu mwenye kifua cha sentimita 90 huongeza 10 ili nguo isimbane, jumla 100. Atahitaji vitanzi 200: 100 vya mbele na 100 vya nyuma.

Pamba haina mnyumbuko kama sufu, na ikiwa nzito hulegea na kushuka. Kwa hivyo blauzi fupi isiyo na mikono hudumu na umbo lake kuliko gauni refu. Ianike kwa kuilaza kivulini, usiitundike.

Kila kazi na raha yake

Sketi ya leso huweza kukamilika kwa alasiri moja, lakini hutaka meza, mwanga na cherehani. Blauzi huchukua siku nyingi, ila kazi yenyewe hubebeka mkobani: safu mbili kwenye foleni ya zahanati, tatu ukingoja kivuko. Haba na haba hujaza kibaba. Tena, mfumaji akikosea hufumua na uzi ukatumika upya, lakini kitambaa kilichokatwa hakirudi kuwa kizima. Ndiyo maana mshonaji hupima mara mbili.

Pa kujifunzia

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeweka vyuo vya ufundi vya mashinani na vituo vya kazi za mikono za nyumbani chini ya serikali za kaunti. Mkazi asiye na cherehani, au anayetaka kujifunza kukata na kushona, anashauriwa kuuliza katika chuo cha ufundi kilicho karibu naye au afisi ya wadi kuhusu masomo yanayotolewa, ada na ratiba. Ni vyema kuanza mapema, kabla kaskazi haijaingia.