Kikwembe kina jina: muulize mama kabla ya kukata

Kwa mafundi wengi wa kushona, iwe Goma, Bukavu ao Uvira, modeli mpya siku hizi inatoka kwenye simu. Mteja anaonyesha picha, fundi anakata. Kazi inaenda, lakini jirani naye ameona picha ile ile, na mwishowe wanabaki kushindana kwa bei tu. Kuko chanzo kingine cha mawazo, tena kiko karibu: historia ya kikwembe chenyewe.

Waksi haikuzaliwa Afrika. Kule Java, Indonesia, watu walichora kitambaa kwa nta ili rangi isiingie pale palipofunikwa. Katika karne ya 19, viwanda vya Uholanzi vikaanza kuiga kazi hiyo kwa mashine. Kimoja ni Vlisco cha Helmond, kilichoanzishwa mwaka 1846. Mashine iliacha mistari midogo ya nyufa ndani ya rangi. Wanunuzi wa Afrika Magharibi wakaipenda, na kasoro ikageuka urembo. Baadaye Kongo nayo ikawa na viwanda vyake vya nguo, kama Filtisaf ya Kalemie na Sotexki ya Kisangani.

Basi nani alifanya kitambaa cha kigeni kiwe chetu? Ni wamama: wale wanaouza sokoni na wale wanaovaa. Wao ndio walikipa majina. Katika nchi nyingi za Afrika zinazosema Kifaransa, mchoro wa ndege anayeruka nje ya kizimba unaitwa «Ukitoka, nami natoka». Mke hafungue kinywa; kikwembe kinamsemea kwa bwana.

Serikali pia ilijaribu kusema kupitia nguo. Kuanzia mwaka 1972, wakati wa Mobutu, suti na kravati zilikatazwa. Wanaume wakavaa abakosti. Wanawake wakaambiwa waache suruali, wavae kikwembe. Mwaka 1990 katazo likaisha. Leo abakosti inaonekana mara chache, lakini kikwembe kiko kila mahali: arusini, kwenye matanga, tarehe 8 Machi. Abakosti iliishi kwa amri. Kikwembe, wamama walikuwa wamekipenda hata kabla ya amri.

Kwa fundi kijana, somo ni hili: kuiga si kosa, hata Waholanzi waliiga. Shida ni kuiga bila kuongeza kitu chako. Kabla ya kukata, amuulize mama mwenye kitambaa: kinaitwaje? Unaenda kukivaa wapi? Bibi yako alikifunga namna gani? Majibu hayo yatamwambia mshono upite wapi. Maana ndege akikatwa kichwa na zipu, ao akigeuzwa miguu juu, ule ujumbe wa mama kwa bwana umeharibika, hata kama robe imeshonwa vizuri.