Maji Kwanza, Ndipo Boti

Kina mama, safari iliyopita kikundi chetu kilitoka Kamina kwa treni mpaka Bukama, tukapanda boti kwenda Kikondja. Tulibeba maji ya siku 2. Mota ikaharibika, siku ya 3 watoto wakalilia maji juu ya Lualaba, mto wenye kolera.

Sasa tunahesabu siku 4. Mtu mmoja lita 3 kwa siku: watu 10, bidoni 6 za lita 20, maji yaliyochemshwa. Unga wa bukari, karanga, makayabu, makala na mbabula vinafuata. Samaki wabichi tunanunua kwa wavuvi.

Tusisahau sukari na chumvi. Mtoto akiharisha: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu kijiko. Anywe kidogo kidogo mpaka tufike kituo cha afya.